Bata Hana Vyungu

Siku niliyoacha kazi sikuwa kazini. Nilikuwa kijijini Wamaza, kwa koko yangu, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, namenya muhogo. Koko Mauwa, mama aliyemuzaa mama yangu, alikuwa anamusimulia mutoto wangu Zawadi hadithi ya Kakakuona, yule munyama wa magamba anayejikunja kama mupira akiogopa. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, kama inavyotakiwa. Koko akafika pale Kakakuona anapobisha mulango wa kwanza, yuko uchi, hana hata gamba moja, anaomba kipande cha chungu kilichovunjika. Zawadi, miaka sita, akainua kidole kama yuko darasani.

“Hapana, Koko. Si Kakakuona. Ni Bata.”

“Bata gani?”

“Bata ya redio. Mama mwenyewe njo alisema kwa redio. Na Bata hana vyungu. Iko na manyoya tu.”

Nikangoja Koko amukaripie. Huyu ni mwanamuke aliyewahi kumusahihisha mupadri katikati ya mahubiri, na mupadri akasema asante. Lakini alinitazama mimi, akaitazama ile redio yake ndogo iliyofungwa kwa mupira wa baiskeli, akafuta mikono kwenye kitenge.

“Basi,” akasema. “Kama redio imesema Bata, mimi nilisikia vibaya tangu utoto.”

Akanyamaza. Hakumaliza hadithi. Nikamubembeleza, akasema haijui tena, tumuulize mwenye redio. Mwenye redio ni mimi! Nilichoma kisu ndani ya muhogo mupaka kikatokea upande wa pili, na pale pale nikajistaafisha.

Ninawaandikia nyinyi wadogo zangu wawili mutakaopokezana kiti changu, katika redio yetu ya Kasongo. Najua umri wangu si wa mustaafu. Mutoto wangu wa pili bado ananyonya, na sasa hivi ninavyoandika amenishika sikio. Lakini anayeondoka ndiye mustaafu, na mugongo wangu unakubali. Mambo ya kupanda cheo sitayaandika: kazi hii ina kiti kimoja, ukikikalia umekwisha kupanda. Mushahara nao nitauruka, kama ulivyokuwa unaturuka wenyewe. Nitawaambia yale yatakayowasaidia, halafu nitawaambia kilichoniudhi.

Nilianza nikiwa nimetoka tu kupata diploma ya Eta, ile ya kumaliza sekondari, Zawadi yuko tumboni. Direktere, mukubwa wa redio, alinieleza kazi akiwa amesimama: kuchukua hadithi za zamani na kuzisimulia upya kwa watu wa leo. “Fupi,” alisema. “Watu wa leo hawana wakati.” Nilichungulia dirishani. Watu wa leo walikuwa wamekaa barazani kwa jirani tangu asubuhi, na walikuwa bado wamekaa nilipotoka.

Shida ya kwanza hakuniambia. Redio yetu inakula jua. Betri zimezeeka, jua likizama na sisi tunazama. Kwa hiyo hadithi ilipangwa saa nane muchana. Na huku kwetu, nyinyi munajua, hadithi ni ya usiku. Mutu anayesimulia muchana huota mukia. Mucheke tu. Mimi pia nilicheka, na diploma yangu mukononi, halafu mama yangu akaniita nyuma ya nyumba akanikagua kabla sijaenda kazini, na akanikagua tena niliporudi.

Aliyeniokoa ni Papa Ramazani, teknisie wetu wa mitambo, mutu mufupi mwenye sauti ya lori linalopanda kilima. Siku ile ya kwanza alinikuta nimeshika karatasi, imepinduka juu chini.

“Unaogopa mikro ao unaogopa mukia?”

“Mukia, papa.”

“Vizuri. Mikro haiumi.” Akatundika blanketi dirishani, akazima taa, akaziba na upenyo wa chini ya mulango kwa shati lake la kubadilisha. Halafu akachukua kitana na kiberiti, akakwaruza polepole: nyenje, wengi, kama nyuma ya nyumba ya Koko. Akanisogezea masikioni. “Imeingia usiku,” alisema. “Usiku mwema, mama.”

“Usiku mwema, papa.”

“Sasa simulia.”

Ndivyo tulivyofanya miaka yote, na ndivyo mutakavyofanya. Anayebisha mulango hadithi ikiendelea lazima asalimie ya usiku. Siku moja Direktere aliingia na “bonjour” yake kubwa. Papa Ramazani alizima kila kitu, akafungua dirisha, akaacha jua liingie, akalifunga tena, akakwaruza nyenje upya. “Umeleta asubuhi,” alimwambia. “Ilibidi tungoje jioni nyingine.” Wasikilizaji walisikia kimya kirefu, na baadaye wengi walitupongeza kwa kile kimya. Walisema kiliwaogopesha sana.

Vyombo vyangu ninawaachia kwenye sanduku la sabuni. Beseni ya plastiki yenye maji kidogo ni muto Lualaba. Ukiijaza sana inakuwa ni mutu anaoga. Vipande viwili vya kibuyu ni kwato. Mufuko wa sukari uliokauka ni moto. Kile kikombe chenye ufa ni mulango wa nyumba ya mutu maskini. Cha tajiri hatuna. Kitana ni cha Papa Ramazani, musikiguse, kwa sababu bado anachania.

Kuhusu kuokota hadithi, sikilizeni, maana hii hamutafundishwa mahali. Mukipanda moto, yaani pikipiki, kwenda Kabambare ao Nyangwe, musimufikie muzee na kinasa sauti mukononi kama polisi. Atawaambia hajui kitu, hata jina lake hatalijua. Kaeni. Menyeni anachomenya. Halafu anzeni kusimulia hadithi nyinyi wenyewe, na museme vibaya. Mukosee kabisa. Semeni Kobe alishinda kwa mbio. Hakuna muzee katika Maniema yote anayeweza kuvumilia hadithi iliyokosewa mbele yake. Atatupa muhogo chini: “Mutoto wa nani wewe? Nani alikufundisha hiyo takataka?” Basi, atawapa yote, na wimbo wake, na mafundisho, na matusi juu. Siku nyingine jirani yake atatoka kumusahihisha na yeye, mutarudi na hadithi tatu.

Mimi mwenyewe njia hiyo haijawahi kuniangusha. Ndiyo sababu nilipomuona Koko ananyamaza mbele ya hadithi iliyokosewa, nilijua kitu kimevunjika.

Sasa nifike kwenye wanyama.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Chui. Nilikuwa nimesimulia jinsi Kobe alivyomudanganya Chui mupaka akaanguka ndani ya shimo la muwindaji. Hadithi iliishia pale: Chui chini, Kobe juu anakula karanga. Kesho yake wazee wanne walifika redioni wamevaa makoti, na jua lilikuwa la kukaanga yai. Chui ni mwiko wa ukoo wao. Hawamuui, hawamuli, ngozi yake hawaikanyagi.

“Binti,” mukubwa wao akaniuliza, “ndugu yetu amelala wapi?”

“Ndugu yenu gani, papa?”

“Yule uliyemuacha ndani ya shimo.”

“Muzee, ile ni hadithi.”

“Tunajua ni hadithi. Umutoe kwa hadithi.”

Walikuwa na adabu sana, na makoti, na jasho linatiririka. Siku iliyofuata nilishusha kamba ndani ya shimo. Papa Ramazani aliivuta juu ya ukingo wa meza huku anahema kama Chui, na Chui akatoka, akajipangusa, akaenda kwao. Wazee wakatuma mukungu wa ndizi. Tukala, tukafurahi, wajinga sisi. Habari ilikuwa imekwisha kutoka mujini: ukienda kulalamika redioni, munyama wako anapandishwa cheo.

Wakaja wavuvi wa Nyangwe kwa ajili ya Mamba. Hawakuwa na mwiko wowote wa Mamba. Walitaka tu asitukanwe.

“Kwani Mamba anasikiliza redio?” niliwauliza.

“Wewe unalala Kasongo,” mumoja akanijibu. “Sisi tuko muto mumoja naye, ndani ya pirogi, mitumbwi hii ya kuchonga. Unataka tumuulize?”

Tangu siku ile Mamba wa redio yetu akawa munyama wa kusaidia wajane kuvuka.

Halafu wenye Kobe wakaja, wamekasirika kwamba Kobe ni mudanganyifu. “Lakini papa, ameshinda!” “Ameshinda kwa uongo. Kwetu hatukuzaa waongo.” Wenye Tembo walisema namufanya muzito wa akili. Mwenye duka mumoja ambaye watu wote wanamuita Nyani, yeye hakuwa hata na ukoo wa nyani, alikuwa na jina la utani tu, lakini alilalamika kwa nguvu kuliko wote.

Pale Direktere, mutu anayependa amani kuliko chakula, akaunda Kamati ya Hadithi. Kamati ilikuwa yeye, Sekretere wake, na mama mumoja wa mutaani aliyekuwa analala mikutano yote na kuamka wakati wa kupiga kura, kila mara akipiga ndiyo. Wakaandika sheria. Kifungu cha tatu mukikariri, mutakihitaji: *Mwenye mwiko akilalamika kwa maandishi, munyama wake anatolewa hewani siku hiyo hiyo, bila majadiliano.*

Bila majadiliano! Chui akatoka. Mamba akatoka. Kobe, Tembo, Nyani, Nguruwe wa pori, Mwewe, wote wakatoka mumoja mumoja kama watu waliokwisha kula kwenye karamu. Mwisho nilibaki na meza tupu. Direktere akapiga meza kwa furaha.

“Bata!” akasema. “Nani atamulilia Bata?”

Hakuna. Nimetafuta mimi mwenyewe, ukoo kwa ukoo. Bata hana mutu.

Basi, wadogo zangu, Bata akachukua kazi za wote. Bata alimeza mbuzi wa kijiji. Bata alinguruma porini. Bata alipanda juu ya miti ya mivumo akawarushia wapita njia matunda. Kuna siku nilisimulia jinsi Bata alivyomudanganya Bata akaanguka ndani ya shimo, Bata akapita akamuhurumia, kesi ikapelekwa mbele ya Mufalme Bata. Papa Ramazani alitakiwa kuwafanyia wote sauti. Alitoka kwenye blanketi uso umejaa jasho.

“Mama Zawadi,” alisema, “mimi sijui tena mimi ni Bata gani.”

Muji ukaharibika kidogo. Watoto wakawa wanakimbia bata. Jirani yangu Mama Sifa, mufugaji wa bata, alikuja kunililia ukutani: “Unaniua, Mama Zawadi! Kila mutu ananiuliza kama hii ndiyo ile iliyomeza mbuzi!” Zawadi wangu alikataa kwenda choo bila kusindikizwa, kwa sababu bata wa Mama Sifa wanapita kule nyuma. Mimi nilicheka. Ndiyo, nilikuwa bado ninacheka.

Sasa Kakakuona. Munyama huyu nilikuwa nimemuficha. Sikumupeleka redioni miaka yote kwa sababu ni wa kwetu. Hadithi ni hii: Zamani alikuwa uchi, miiba inamuchoma, mvua inamupiga. Akapita nyumba kwa nyumba akiomba vipande vya vyungu vilivyovunjika, na kila mama alimupa kipande kimoja. Alivibandika mugongoni, ndivyo alivyopata magamba. Na Koko anaposimulia, kila gamba lina jina. Hili la Feza, aliyekuja na chungu chake kichwani kutoka ngambo ya muto. Hili la Mwamini, mutoto wake. Hili la Zaina, aliyevunja vyungu vingi kuliko wote kwa hasira. Hawa ni mama zetu, mumoja kwa mumoja, mupaka kumufikia Koko mwenyewe na mama yangu. Gamba la mwisho, lile dogo karibu na mukia, linapewa jina la mutoto anayesikiliza. Linatolewa na muzee, na linatolewa mwisho wa hadithi tu. Mimi nilipopewa langu nililala nimejikunja siku mbili, mama yangu akadhani ni malaria.

Zawadi alipofika umri, nilitaka asikie hadithi hiyo kwanza redioni, kwa sauti yangu, halafu aende Wamaza akapewe gamba na Koko. Tuliifanya. Vipande vya vyungu tulivigonganisha kweli kweli, Papa Ramazani akajikata kidole. Ilikuwa nzuri. Kesho yake mutu mumoja akashuka kwenye moto kutoka njia ya Kabambare, vumbi mupaka kwenye kope. Alijiita Muzee Kalume, na Kakakuona ni mwiko wa kwao.

“Ulimuweka uchi,” akasema.

“Muzee, ilikuwa kabla hajapata magamba.”

“Kabla ao kisha, uchi iko uchi. Mbele ya watu wote! Wakwe zangu walikuwa wanasikiliza!”

Kifungu cha tatu. Siku hiyo hiyo Direktere akaniamuru niirudie na Bata, ili watu wasahau. Nikamuambia Bata ana manyoya, vyungu atavibandika wapi? “Toa vyungu,” akasema. Na majina? “Majina yanachosha. Watu wa leo hawana wakati.” Nikairudia kwa dakika tatu, Bata anapata manyoya, kwisha. Nilijiambia Zawadi alikwisha kusikia ya kweli, atakumbuka. Lakini mutoto anakumbuka ya mwisho.

Ndivyo tulivyofika kwenye ule muhogo. Zawadi hakupewa gamba lake. Koko hana miaka mingi ya kungoja, na ameapa kwamba hadithi ile haijui. Nimemwambia ni mimi niliyekosea. Akanijibu, “Wewe ni mutoto wangu, unataka tu kunifurahisha. Redio hainijui, haina sababu ya kunidanganya.” Nimejaribu mupaka ile njia yetu ya kazi: nikamusimulia vibaya kabisa, nikamwambia Kakakuona alinunua magamba sokoni. Mukono wake uliinuka kunikaripia. Halafu akaitazama redio, akaushusha.

Nilirudi Kasongo siku ya pili, sikufika hata nyumbani kwangu. Nilipitia kwa Mama Sifa, nikachagua bata mukubwa kuliko wote, nikamuweka kwapani, mutoto mugongoni, Zawadi mukononi, nikaingia ofisini kwa Sekretere. Alikuwa anakula mukate.

“Mama Zawadi, kitoweo njo unaleta huku?”

“Si kitoweo. Ni ndugu yangu. Chukua muhuri.”

Akasoma karatasi yangu. Akaisoma tena. “Lakini mama, bata hawezi kuwa mwiko. Umemuchukua leo.”

“Kifungu cha tatu kinasema mwiko wa zamani ao mwiko wa leo?”

Akakitafuta. Hakikusema.

“Tujadiliane basi na Direktere…”

“Bila nini?”

“Bila majadiliano,” akasema polepole.

Papa Ramazani alikuwa amesimama mulangoni na kitana chake kichwani. Alitazama bata, akanitazama, akavua kofia ambayo hakuwa nayo. Bata akanya juu ya meza. Sekretere akapiga muhuri haraka, kabla karatasi nayo haijachafuka. Nakala ninayo. Ninaiandika hapa yote, ili hata kama itapotea kule, nyinyi muwe nayo.

*Kwa Kamati ya Hadithi, Kasongo.*

*Jambo: Malalamiko ya mwenye Bata.*

*Mimi, Mama Zawadi, musimuliaji wenu mupaka asubuhi ya leo, natangaza kwamba Bata ni mwiko wa nyumba yangu. Hatumuli, hatumuuzi, hatumutukani. Anaishi uani kwangu. Jina lake ni Kamati, kwa sababu anapiga kelele tangu asubuhi na hatagi.*

*Redio yenu imesema kwamba ndugu yetu alimeza mbuzi, alinguruma, alipanda mivumo, alidanganya, alianguka shimoni, na alijihukumu mwenyewe. Watoto wanamukimbia. Nimeumia. Kufuatana na kifungu cha tatu, naomba atolewe hewani leo hii, bila majadiliano.*

*Najua hamuna munyama mwingine. Hilo mulijitafutia. Mutachagua wenyewe: kukaa kimya saa nane mupaka betri zife, ao kufuta kifungu cha tatu na kurudisha wanyama wote, pamoja na tabia zao.*

*Mukiwarudisha, wa kwanza awe Kakakuona. Muzee Kalume nimeongea naye njiani nikirudi. Atakubali Kakakuona avae kitenge mupaka apate magamba.*

*Sitarudi kwenye kiti. Mwenye kusimulia awe yeyote, lakini afunike dirisha, na asiruke jina hata moja, kwa sababu kule Wamaza kuna muzee asiyeniamini mimi wala barua. Anaamini redio. Redio ndiyo iliyomufunga mudomo, redio ndiyo itakayomufungua. Majina yasomwe hivi, polepole, na kipande cha chungu kigongwe kwa kila mumoja:*

*Feza. Mwamini. Zaina. Nyota. Riziki. Mauwa, ambaye anasikiliza. Mapenzi, mama yangu. Mimi.*

*Kisha munyamaze. Gamba la mwisho musilitaje. Lile si la redio. Koko atalisema mwenyewe, na mutoto wangu atakuwa amekaa karibu naye.*